Waya Hauongezi Sauti: Jinsi ya Kuchagua Nyaya za Televisheni, Deki na Spika



Siku hizi si ajabu kuingia nyumba ya kawaida, mjini au hata mashambani, ukapata televisheni bapa ukutani, deki, king'amuzi, spika tano na wufa yake kwenye kona. Seti kama hiyo ndiyo watu wanaiita homu thieta, yaani sinema ya nyumbani. Vikundi vya vijana na vya akina mama pia vimeingia katika kazi hii. Wananunua seti moja, wanaiweka ukumbini, watu wanakuja kutazama mpira au filamu na kulipa kitu kidogo. Hakuna ubaya. Burudani ni sehemu ya maisha, na tena inaweza kuleta mapato.

Shida inaanza pale kaunta. Mtu ameweka akiba miezi mingi, amelipia televisheni, amebakiwa na nauli na pesa ya unga. Ndipo anaambiwa, "Mzee, hizo nyaya za kwenye boksi ni bure tu. Chukua hizi za dhahabu, utaona tofauti." Waya mmoja unaweza kuuzwa mara kumi ya bei ya mwenzake, na kwa macho yote miwili inafanana. Mwingine naye, kwa kukwepa gharama, anarudi nyumbani na nyaya nyembamba kama uzi, anaziunga kwa mkanda wa plastiki, na baada ya wiki mbili anasema seti ni mbovu. Wote wawili wamepoteza pesa, na pesa hiyo labda ilikuwa karo ya mtoto.

Kwa hivyo katika toleo hili tunaeleza, kwa lugha nyepesi, nyaya hizi ni za nini, ni zipi za kununua, na ni wapi pa kubana mkono.

KAZI YA WAYA NI NINI?

Tuchukue mfano wa maji, maana wengi wetu tumewahi kuchimba mtaro wa mradi wa maji. Bomba haliongezi maji ya tangi. Likiwa pana na halivuji, maji yanafika kama yalivyotoka. Likiwa jembamba au limetoboka, yanafika kidogo. Lakini hata ukinunua bomba la fedha, halitakupa maji mengi kuliko yaliyo kwenye tangi.

Waya ni vivyo hivyo. Waya hauongezi sauti wala picha. Waya mzuri unafikisha kile kilichotumwa, basi. Kwa hivyo kabla ya kuuliza bei, uliza maswali matatu: Waya huu unabeba nini? Unaenda umbali gani? Umetengenezwa kwa kitu gani? Mtu akiweza kujibu hayo matatu, si rahisi kumdanganya.

ANZA NYUMBANI, SI DUKANI

Kosa la kwanza ni kwenda dukani bila kujua unachotafuta. Geuza televisheni yako, tazama matundu yaliyo nyuma na ubavuni, halafu fanya vivyo hivyo kwa deki, king'amuzi na amplifaya. Chukua karatasi na kalamu, chora kila chombo kama kisanduku, na uandike matundu yake. Kisha piga mistari: kutoka king'amuzi mpaka TV, kutoka TV mpaka amplifaya, kutoka amplifaya mpaka kila spika. Pima kila mstari kwa kamba, ukifuata ukuta kama waya utakavyopita, na uongeze nusu mita ya ziada. Karatasi hiyo ndiyo orodha yako ya kununua. Ukifika Luthuli pale Nairobi au kwenye duka la mjini kwenu, unatoa karatasi na unataja kitu kwa jina lake.

NYAYA ZA PICHA

1. Manjano, nyekundu na nyeupe. Hizi ndizo wengi tunazijua tangu siku za kanda za video. Wa manjano unabeba picha, mweupe sauti ya kushoto, mwekundu sauti ya kulia. Mafundi wanaziita RCA, kwa sababu pini hiyo ilitoka kwa kampuni ya Marekani iliyoitwa Radio Corporation of America. Waya wa manjano unabeba picha nzima kwa njia moja, rangi na mwanga vikichanganyika, na hauwezi kupita mistari 576 ya picha. Kwa televisheni ndogo ya zamani inatosha. Kwa televisheni bapa ya inchi 43 picha inaonekana kama imefunikwa na ukungu.

2. Kijani, buluu na nyekundu. Hizi tatu zote ni za picha peke yake. Zinatoa picha safi kuliko ya manjano, lakini hazibebi sauti, kwa hivyo unahitaji ile nyekundu na nyeupe ya sauti pia. Usichanganye nyekundu mbili!

3. VGA. Ni ule waya wenye kichwa cha pini 15 na skrubu mbili, unaotumika sana na kompyuta na projekta za zamani. Unabeba picha tu. Kwa sauti lazima utoe waya mwingine kwenye tundu la spika za masikioni.

4. HDMI. Huu ndio waya wa leo. Ulitangazwa Desemba 2002 na kampuni saba za vyombo vya elektroniki, na ndani ya kichwa chake kuna pini 19. Uzuri wake ni kwamba unabeba picha na sauti pamoja, na vyote ni vya dijitali. Waya mmoja, kazi imekwisha.

Tangu Kenya izime matangazo ya televisheni ya analogi mwaka 2015, ving'amuzi vimeingia nyumba nyingi. Ving'amuzi vingi vina tundu la manjano na pia tundu la HDMI. Lakini tunakuta nyumba baada ya nyumba ambapo mtu ana televisheni nzuri kabisa, na bado ameiunga kwa waya wa manjano kwa sababu ndio aliouzoea. Huyo hahitaji TV mpya. Ahamie HDMI, hata ya bei ya chini, na picha itabadilika mara moja kwa stesheni zile zinazotuma picha safi. Ikiwa stesheni yenyewe inatuma picha ya kawaida, haitageuka kuwa mpya. Kumbuka mfano wetu wa tangi.

JE, HDMI YA DHAHABU NI BORA?

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi. Ujumbe wa dijitali ni kama tangazo lililobandikwa ubaoni. Ukiweza kusoma kila herufi, umepata habari yote. Hata tangazo likiandikwa kwa rangi ya dhahabu, habari ni ile ile. Vivyo hivyo, HDMI mbili zinazofikisha ujumbe sawasawa zinatoa picha moja, iwe moja ni ya bei ya chini na nyingine ya bei ya juu. Hakuna waya wa HDMI unaofanya rangi ziwe tamu zaidi.

Waya wa HDMI ukishindwa, utajua. Utaona nukta nyeupe zinametameta kama chembe za chumvi, au picha inazimika na kurudi, au hakuna kitu kabisa. Ukiona hivyo, badilisha waya. Ikiwa huoni hivyo, waya wako ni mzima, mwache muuzaji aseme atakavyo. Ile dhahabu kwenye pini ni ya kuzuia kutu tu. Inaweza kusaidia kidogo sehemu zenye hewa ya chumvi kama pwani, lakini ni rangi nyembamba sana na haifai kukugharimu zaidi.

Cha kutazama ni maneno yaliyoandikwa kwenye boksi, maana nyaya hupangwa kwa kiasi cha mzigo zinachoweza kubeba. Ulioandikwa High Speed unatosha kwa king'amuzi, deki na picha ya mistari 1,080. Ulioandikwa Premium High Speed unabeba hadi gigabiti 18 kwa sekunde, na ndio wa kutafuta ikiwa TV yako ni ile ya 4K, yenye mistari 2,160, na chombo chako kinatuma picha hiyo kwa kasi ya picha 60 kwa sekunde. Ulioandikwa Ultra High Speed unabeba hadi gigabiti 48, na ni wa michezo ya kompyuta na TV za hali ya juu. Mtu wa king'amuzi na DVD akinunua huo wa mwisho ni sawa na kukodi lori kubeba debe moja la mahindi. Aina hizi mbili za mwisho huwa na lebo ambayo unaweza kuikagua kwa simu yako kujua kama ni halali.

Jambo lingine ni umbali. Mpaka mita 5 hivi, HDMI ya kawaida haina matata. Ukifika mita 10 na kuendelea, hasa kwa picha ya 4K, inaweza kushindwa. Ukumbini, ambapo projekta iko mbali, kuna njia mbili. Kwanza, visanduku viwili vya kurefusha, kimoja kila upande, vikiunganishwa kwa waya wa mtandao wa kompyuta. Pili, HDMI ya nyuzi za mwanga. Hii ya pili ina upande wa deki na upande wa TV. Ukiigeuza, picha haitoki.

JIHADHARI NA WAYA HUU

Kuna waya unaouzwa una HDMI upande mmoja na manjano, nyekundu na nyeupe upande wa pili, kwa bei ya chini sana. Mwenye TV ya zamani anafurahi, "Afadhali, sasa nitaunga deki mpya." Anafika nyumbani, kiza tupu. Sababu ni kwamba HDMI inasema lugha ya dijitali na ile ya manjano inasema analogi. Waya peke yake si mkalimani. Kinachotakiwa ni kisanduku cha kubadilisha, chenye mtambo ndani, na mara nyingi kinachomekwa kwenye umeme. Tena uliza kinageuza kutoka wapi kwenda wapi, kwa sababu kisanduku cha kwenda hakiwezi kurudi. Ndivyo ilivyo pia kwa waya mtupu wa kutoka HDMI kwenda VGA.

KUTOA SAUTI KWENYE TV KWENDA AMPLIFAYA

TV bapa zina spika ndogo zinazotazama chini au nyuma, ndiyo maana sauti yake ni kama ya mtu anayeongea ndani ya debe. Ukitaka kuipeleka kwenye amplifaya, angalia mambo haya.

a) Tundu la HDMI lenye herufi ARC. Kwa kawaida ni tundu moja tu kati ya yote. Njia hii ililetwa mwaka 2009, na inaruhusu sauti irudi kutoka TV mpaka amplifaya kwa waya ule ule. Lazima amplifaya nayo iwe na tundu la ARC.

b) Tundu la mwanga, lililoandikwa OPTICAL. Waya huu haubebi umeme. Ukiuchungulia unaona mwanga mwekundu. Ulibuniwa na Toshiba mwaka 1983 na bado ni mzuri. Unaweza kubeba sauti ya spika tano na wufa. Usiukunje kama karatasi, maana nyuzi za ndani zinavunjika, na ondoa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha kabla ya kuchomeka.

c) Ikiwa amplifaya yako ni ya zamani na ina nyekundu na nyeupe tu, nunua kisanduku kidogo cha kugeuza sauti ya mwanga kuwa analogi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Wengi wanasahau hatua hii, wanapata kimya au kelele, halafu wanarudisha kisanduku wakidhani kimeharibika.

WAYA WA SPIKA: HAPA TUSIBANE MKONO

Kwenye HDMI tumesema usilipe zaidi. Kwenye spika tunasema kinyume: usinunue mwembamba. Waya wa spika unabeba nguvu yenyewe ya kusukuma spika, na njia yake ni ya kwenda na kurudi. Spika iliyo mita 10 kutoka kwa amplifaya ina mita 20 za shaba.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua spika ya omu 4 iliyo mita 10 mbali. Ukitumia waya mwembamba wa robo milimita ya mraba, waya wenyewe unakuwa na upinzani wa karibu omu 1.4. Maana yake ni kwamba robo ya nguvu inaishia njiani kama joto. Ukitumia waya wa milimita 1.5 za mraba, ule mafundi wanaita "wan pointi faivu", upinzani unashuka mpaka omu 0.23, na kinachopotea ni kama asilimia 5. Wa milimita 2.5 unapoteza kama asilimia 3. Kwa hivyo sebuleni tumia milimita 1.5, na ukumbini, ambapo nyaya zinapita mita 10, tumia 2.5. Chagua ule laini wenye nyuzi nyingi ndani, wa njia mbili zilizoshikana. Hauhitaji jina kubwa wala boksi la kumetameta.

Lakini hakikisha ni shaba. Kuna nyaya nyingi sokoni ambazo ni alumini iliyopakwa shaba juu. Zinapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene huo huo na zinakatika ukizikunja mara nyingi. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Pia ushike mkononi, maana uzito wa alumini ni kama theluthi moja tu ya ule wa shaba. Ukiinunua hiyo, basi nunua nene zaidi na ulipe bei ya alumini, si ya shaba.

Jambo la mwisho hapa ni alama. Kila spika ina tundu jekundu na jeusi. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza spika moja, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inapotea kabisa. Ukisikia sauti haina kifua, angalia hapo kabla ya kumwita fundi. Hakikisha pia nyuzi za nyekundu hazigusi za nyeusi, kwa sababu hata uzi mmoja unaweza kuchoma amplifaya.

MVUMO NA HATARI YA UMEME

Watu wengi wanalalamika kwamba spika zinavuma "mmmmm" hata kabla ya kuweka nyimbo. Umeme wetu ni volti 240 na unatetema mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mvumo mnaousikia. Mara nyingi unatokea wakati vyombo viwili vilivyounganishwa vimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Dawa yake: vyote viingie ekstenshoni moja. Kisha tenganisha nyaya za sauti na nyaya za umeme, zisilale pamoja. Ikiwa lazima zikutane, zivukane kama njia panda. Ikiwa bado, chomoa waya wa antena au wa dishi usikilize kama mvumo unaisha. Ukiisha, umejua unakotoka.

Lakini kuna "dawa" moja inayotumiwa mitaani ambayo tunaikataa kabisa: kukata ile pini ndefu ya juu ya plagi, au kuacha waya wa athi bila kuunga. Ni kweli mvumo unaweza kuisha. Lakini athi imewekwa kulinda maisha. Waya ukilegea ndani ya amplifaya na kugusa bati, umeme unapita kwenye athi na fyuzi inakatika. Bila athi, bati hilo linabaki na volti 240 likimngoja mtoto wa kwanza atakayeligusa. Heri spika ivume kuliko kulia matanga.

Vile vile, acheni kuchokoa soketi kwa kijiti au kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili. Nunua adapta. Usiweke pasi na birika la umeme kwenye ekstenshoni ya TV, kwa sababu plagi ya ampea 13 haistahili kupita wati 3,000 kwa jumla. Usifunge plagi ya ukutani kwenye waya wa spika hata kwa majaribio. Na kwa wenzetu wa Kisii, Kakamega na kandokando ya ziwa, ambako radi ni nyingi, mvua ikianza chomoa umeme na antena zote mbili. Kifaa cha kulinda TV kinasaidia umeme ukipanda na kushuka, lakini hakiwezi kuzuia radi.

KWA WANAOJENGA

Kama ukuta bado haujapigwa plasta, weka bomba la plastiki ndani kutoka mahali pa TV mpaka mahali pa amplifaya, na lingine la kwenda spika za nyuma. Liwe pana kiasi kwamba kichwa cha HDMI kinapita, na kona zake ziwe za mviringo. Acha kamba ndani ya kuvutia. Nyaya za umeme zipite bomba lao peke yao. Gharama ni ndogo sasa, lakini baadaye kuvunja ukuta si mchezo.

KABLA YA KULIPA

1. Toa karatasi yako. Usinunue kitu ambacho hakimo.
2. Tumia kwanza nyaya zilizokuja kwenye boksi. Badilisha ile tu iliyo fupi au iliyoshindwa.
3. Omba waya ujaribiwe mbele yako, ukiwa umechomekwa pande zote mbili.
4. Mwaka huu fedha zikiwa chache, zitumie kwa mpangilio huu: kwanza soketi na athi, pili shaba ya spika, tatu HDMI ya kawaida.
5. Chukua risiti, na kama ni ya kikundi, mweka hazina aiandike siku hiyo hiyo.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika seti tuliyo nayo, ni waya gani tulinunua kwa sababu ya jina na si kwa sababu ya kazi?
- Soketi za ukumbi wetu zina athi inayofanya kazi? Nani aliyehitimu atazikagua, na lini?
- Kijana gani kati yetu anaweza kufundishwa kulehemu na kupima nyaya ili tusimwite fundi kutoka mjini kila mara?

Mkishajadili, chukueni kalamu mchore ule mchoro wa visanduku. Pesa mtakayookoa kwenye nyaya za dhahabu inaweza kulipa fundi wa umeme mwenye leseni kukagua ukumbi wote.